Jimbo, Serikali ya Kati na Haki ya Jirani

Hotuba ya Halmashauri mbele ya wazee na wanachama katika mkutano wa mwaka, Moiben



Desturi ya chama chetu ni kwamba, hesabu za mwaka zikisha kusomwa na kukubaliwa, Halmashauri husema maneno juu ya jambo moja lihusulo ustawi wa watu wetu. Mwaka huu tumechagua jambo lisiloonekana kwa macho kama barabara ama kisima, lakini bila hilo barabara na kisima havidumu. Nalo ni msingi wa serikali ya katiba: nani apewe mamlaka, ayagawane na nani, na raia mmoja asiye na nguvu ajikinge kwa kitu gani.

Tutasema habari za Marekani na habari za kwetu. Huenda mzee mmoja akauliza, "Marekani yatuhusu nini sisi wakulima wa ngano na mahindi?" Ni swali la haki, nasi tutalijibu kwa kisa cha mtu mmoja.

Mwezi wa Januari, 1960, wakili mmoja Mmarekani mweusi, jina lake Thurgood Marshall, alifika Kenya kwa mwaliko wa marehemu Tom Mboya. Kisha alikwenda London kuwa mshauri wa wajumbe Waafrika katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, ambao kiongozi wao alikuwa marehemu Ronald Ngala. Marshall alikuwa mzao wa watumwa, na maisha yake yote aliyatoa kupigania haki za watu weusi mahakamani. Wajumbe wetu walimpa kazi ya kuandika rasimu ya haki za raia kwa ajili ya Kenya mpya.

Wazee walio wakongwe kati yetu wanajua hali ilivyokuwa hapa wakati huo. Uasin Gishu ilikuwa sehemu ya Nyanda za Juu zilizotengwa kwa Wazungu. Makaburu walianza kufika mwaka 1908 na magari yao ya ng'ombe, na Mwafrika akawa mtu wa kuishi katika ardhi hii kama kibarua ama skwota, shamba si lake. Basi tungalidhani kwamba Marshall, mtu aliyeonja ubaguzi, angaliandika haki za Waafrika peke yao. Hakufanya hivyo. Aliandika kinga kwa kila mtu, wakiwamo Wazungu na Wahindi waliokuwa wachache, kwa sababu alijua kuwa walio wengi karibu wangeshika serikali. Katiba ya mwaka 1963 haikufuata maneno yake neno kwa neno, lakini ilikuwa na sura nzima ya haki za kila mtu, ambazo mahakama iliweza kuzilinda.

Kwa nini aliona hivyo? Ili tujibu, yatupasa kwanza kuitazama nyumba aliyotoka.

Marekani ilianza kuwa makoloni 13 ya Waingereza. Yalipojitangazia uhuru mwaka 1776, kila moja lilijiona kuwa nchi kamili. Mapatano yao ya kwanza yaliifanya serikali ya kati kuwa dhaifu mno. Haikuwa na uwezo wa kutoza kodi, bali iliyaomba majimbo fedha, nayo yalitoa yakipenda. Mwaka 1787 wajumbe 55 walihudhuria mkutano wa Philadelphia, wakatunga katiba mpya iliyoanza kazi mwaka 1789.

Wajumbe wale walikuwa na hofu mbili. Waliogopa serikali isiyo na nguvu ya kuwaunganisha, na waliogopa serikali yenye nguvu kama za mfalme waliyemkataa. Kwa hiyo waliyagawanya mamlaka mara mbili. Kwanza waliyagawa katika serikali yenyewe: Bunge litunge sheria, Rais azitekeleze, mahakama ziamue mashauri, na kila mmoja awe mlinzi wa mwenzake. Pili waliyagawa kati ya serikali ya kati na majimbo. Mambo ya vita, sarafu na biashara na nchi za nje yakawa ya kati, na mambo mengi ya kila siku yakabaki kwa majimbo. Bunge nalo lilikuwa na nyumba mbili. Katika moja wajumbe huhesabiwa kwa wingi wa watu, na katika ya pili, yaani Seneti, kila jimbo, dogo kwa kubwa, lina maseneta wawili. Kisha mwaka 1791 waliongeza ibara 10 za haki: uhuru wa dini, wa kusema, wa kukutana, wa kuhukumiwa kwa haki, na nyinginezo.

Sisi tulio wazao wa kokwet hatuoni ugeni katika fikira hizo. Wazee wa ujirani waliketi chini ya mti, shauri likasemwa waziwazi mbele ya wote, na hapakuwa na mtu mmoja wa kukata neno peke yake. Lakini tukiri pia kwamba sauti ya mama zetu ilikuwa hafifu katika mabaraza yale, na mgeni asiye na jamaa alipata taabu kusikilizwa.

Nyumba ya Wamarekani nayo ilikuwa na ufa, tena mkubwa. Watu waliosema kuwa binadamu wote ni sawa waliwaacha watumwa katika utumwa wao. Na ziko haki zile 10. Haki hizo ziliifunga serikali ya kati peke yake. Mwaka 1833 Mahakama ya Juu yao ilitamka wazi kwamba hazikuyafunga majimbo. Maana yake, neno ambalo Rais na Bunge hawakuruhusiwa kumtendea mtu, jimbo lake mwenyewe liliweza kumtendea.

Ufa huo haukuzibwa mapema, na malipo yake yakawa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kuanzia 1861 hata 1865. Baada ya vita katiba ilirekebishwa mara tatu: mwaka 1865 utumwa ukakomeshwa, mwaka 1868 kila jimbo likakatazwa kumnyima mtu yeyote ulinzi ulio sawa wa sheria, na mwaka 1870 ikakatazwa kumnyima raia kura kwa sababu ya rangi yake. Hata hivyo, kwa muda wa karibu miaka mia majimbo ya kusini yalitafuta njia za pembeni. Waliweka kodi ya kupigia kura na mitihani ya kusoma ili mtu mweusi ashindwe, na wakatenga shule, magari na hoteli. Walipoulizwa, jibu lao lilikuwa moja: "Haya ni mambo ya jimbo letu. Serikali ya kati isituingilie."

Neno hilo ndilo Marshall alilopigana nalo. Mwaka 1954 yeye na mawakili wenzake walishinda kesi kubwa katika Mahakama ya Juu, ikaamuliwa kwamba kutenga watoto shuleni kwa rangi kwapingana na katiba. Mwaka 1957, katika mji wa Little Rock, gavana wa jimbo la Arkansas aliweka askari wa jimbo kuwazuia wanafunzi 9 weusi wasiingie shule. Ilimbidi Rais Eisenhower kupeleka jeshi la taifa kuwasindikiza watoto hao mpaka darasani. Sheria kubwa ya haki za raia ilikuja mwaka 1964, na ile ya haki ya kura mwaka 1965. Marshall mwenyewe alifanywa jaji wa Mahakama ya Juu mwaka 1967, mweusi wa kwanza kuketi humo.

Wazee wetu husema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Ni kweli, na ndiyo sababu watu hutaka mamlaka yawe karibu nao. Lakini tuongeze neno moja: fimbo iliyo karibu humfikia jirani upesi vilevile. Serikali ya karibu yaweza kutenda mema upesi, na yaweza kutenda mabaya upesi. Kitu kinachotofautisha hayo mawili ni haki ya mtu, iliyowekwa chini ya serikali zote mbili kama jiwe la msingi, isiyoweza kung'olewa na ya juu wala ya chini.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1960 viliundwa vyama viwili vikubwa, KANU na KADU. Katika KADU walikuwamo Ngala kutoka Pwani, Masinde Muliro kutoka magharibi, na Daniel arap Moi kutoka Bonde la Ufa. Makabila yaliyokuwa madogo yaliogopa kumezwa na makubwa baada ya uhuru, na hofu yao haikuwa ya kipumbavu. Wakataka majimbo. KANU nao walisema kwamba serikali nyingi zitaigawa nchi vipande na kumaliza fedha yake. Hofu hiyo pia ilikuwa na maana. Walibishana katika mkutano wa Lancaster House wa mwaka 1962, na mwisho majimbo yakakubaliwa.

Basi Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba, 1963, ilikuwa na majimbo 7 pamoja na eneo la Nairobi. Kila jimbo lilikuwa na baraza lake na rais wa baraza. Jimbo letu lilikuwa Bonde la Ufa, na rais wa baraza lake alikuwa Daniel arap Moi. Kulikuwa na Seneti yenye maseneta 41. Ili kugeuza sehemu za katiba zilizokingwa zaidi, zilihitajika kura za robo tatu ya Baraza la Wawakilishi na tisa kwa kumi ya Seneti. Kufuli lilikuwa kubwa, na watu wengi walidhani kuwa halifunguki.

Lilifunguka katika muda usiotimia mwaka mmoja. KANU, ambao walishinda uchaguzi wa Mei 1963, hawakuupenda mpango ule tangu mwanzo, na serikali ya kati haikuwa na haraka ya kuyakabidhi majimbo kazi na fedha. Wabunge wa KADU walihama mmoja mmoja, na mwezi wa Novemba 1964 chama chenyewe kikajivunja, kikaingia KANU. Kenya ikawa jamhuri tarehe 12 Desemba, 1964, na mamlaka ya majimbo yakaondolewa kidogo kidogo. Seneti ikaunganishwa na Baraza la Wawakilishi, na mwaka 1968 hata yale mabaraza ya mikoa yaliyobakia yakafutwa.

Ndugu wanachama, kufuli lile halikuvunjwa kwa nyundo. Waliokuwa na ufunguo ndio walioutoa. Wala hapana umati wa raia uliosimama mlangoni kuuliza, kwa kuwa watu walifundishwa kuyaona majimbo kuwa mali ya chama na ya viongozi wake. Mali ya kiongozi huhama naye. Katiba isiyokaa mioyoni mwa watu ni karatasi iliyofungiwa kabatini.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1966 serikali ilipewa tena uwezo mpana wa kumweka mtu kizuizini bila hukumu. Mwaka 1982 nchi ikafanywa ya chama kimoja kwa sheria. Mwaka 1988 majaji wakaondolewa kinga ya kazi yao, wakarudishiwa mwaka 1990. Mwisho wa 1991 vyama vingi vikarudi. Tuseme tena bila kumkosea heshima mtu yeyote: Rais wa pili, Daniel arap Moi, alitoka Bonde la Ufa, na Rais wa tano, William Ruto, aliyechaguliwa mwaka 2022, ni mzaliwa wa Uasin Gishu. Ni jambo la fahari kwa wengi wetu. Lakini kuwa na mtu wetu juu si sawa na kuwa na katiba. Mtu huondoka, sheria njema ikilindwa hubaki.

Sasa twafika mahali pazito, nasi twaomba uvumilivu wenu. Mwaka 1991 neno "majimbo" lilirudi midomoni mwa wanasiasa, lakini maana yake iligeuzwa. Badala ya kuwa mgawanyo wa mamlaka, likawa neno la kumwambia jirani arudi alikotoka. Mwezi wa Oktoba mwaka huo vita vilianza katika shamba la Meteitei, Nandi, vikaenea, na mwaka 1992 Burnt Forest katika wilaya yetu hii ikaungua. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 moto uliwaka tena. Tarehe 1 Januari, 2008, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, waliteketezwa humo, wanawake na watoto wakiwamo. Katika nchi nzima waliokufa walikuwa zaidi ya 1,100, nao walikuwa wa makabila mengi, wa kwetu wakiwamo.

Hatusemi haya ili kufungua vidonda. Twasema kwa sababu kosa letu na kosa la majimbo ya kusini ya Marekani lina mzizi mmoja. Mtu huchukua neno zuri, "jimbo letu", na kulifanya ukuta wa kumnyima mwenzake haki. Waliotaka majimbo mwaka 1962 walitaka kinga kwa walio wachache katika Kenya nzima. Je, aliye mchache hapa Uasin Gishu hastahili kinga ile ile tuliyoidai? Tukiikataa kwake, tumeikataa kwetu sisi wenyewe mahali ambapo sisi ndio wachache.

Wananchi walipiga kura tarehe 4 Agosti, 2010, na katiba mpya ikatangazwa rasmi tarehe 27 Agosti mwaka huo. Twaweza kusema kwamba iliyashika mafundisho yote mawili. Mamlaka yaligawanywa tena, safari hii kwa kaunti 47, na Seneti ikarudi. Kaunti zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Zilipewa kilimo, hospitali zilizo chini ya kaunti, shule za chekechea na barabara za kaunti, na fungu lao lisipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa. Moiben yetu ina wadi 5, na kila wadi hupeleka mjumbe katika Bunge la Kaunti kule Eldoret.

Lakini katiba hiyo hiyo iliweka sura ya haki ambayo huzifunga serikali zote, ya Nairobi na ya Eldoret sawasawa. Kifungu cha 27 chasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Kifungu cha 39 champa kila raia haki ya kuingia, kukaa na kuishi mahali popote katika Kenya. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yataka katika kazi za ngazi ya kwanza, angalau asilimia 30 ya nafasi zipewe watu wasio wa kabila lenye wengi katika kaunti. Wako wanaonung'unika kwamba huko ni kunyang'anywa. Sisi twaona ni kinga ile ile aliyoishauri Marshall mwaka 1960, naye kijana wetu atafutaye kazi katika kaunti nyingine huitegemea hiyo hiyo.

Na kufuli la safari hii limewekwa mikononi mwa watu. Haki za raia na shabaha za ugatuzi hazigeuzwi ila kwa kura ya wananchi wote. Walipotokea wakubwa waliotaka kuirekebisha katiba kwa ule mpango ulioitwa BBI, raia wa kawaida walikwenda mahakamani, na tarehe 31 Machi, 2022, Mahakama ya Juu iliamua kwamba Rais hawezi kuanzisha marekebisho kwa njia iliyowekwa kwa ajili ya wananchi. Mwaka 1964 hapakutokea mlinzi. Mara hii alitokea.

Basi, Halmashauri yaleta mbele yenu mambo matatu, myapime.

La kwanza, katiba isomwe. Imo katika Kiswahili pia. Twaomba kila mkutano wa chama uanze kwa kusomwa kifungu kimoja, na vijana waliosoma wawaeleze wazee na mama zetu maana yake.

La pili, mabaraza ya kaunti yahudhuriwe. Sheria yataka wananchi wasikilizwe kabla ya bajeti kupitishwa. Twaomba wanachama wawili, mmoja wao awe mwanamke, wachaguliwe kwenda, wakiwa wameandika mahitaji yetu ya barabara, maji na zahanati, kisha warudi kutueleza yaliyojibiwa. Kiti kitupu hakijibiwi.

La tatu, nalo ni zito kuliko yote: tuweke ahadi kabla ya kila uchaguzi. Wazee wa jamii zote zinazoishi Moiben waketi pamoja, wakubaliane kwamba hapana nyumba itakayochomwa na hapana jirani atakayeambiwa aende kwao. Polisi na mahakama wana kazi yao, lakini askari wa kwanza wa haki ya jirani ni jirani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wazee wetu wanajua gharama ya ukuta tuliojenga mwaka 2008.

Kama tumemkosea mtu kwa neno, twaomba radhi. Neno lenyewe hatuliondoi. Mungu awape wazee wetu maisha marefu, ailinde Moiben, na aijalie Kenya amani.

Ni sisi watumishi wenu,
Halmashauri ya Chama